Kwa vijana wa kikundi chetu cha Changamwe: kuhusu ile siku mnayoulizwa

Wajukuu zangu,

Nimezipitia fomu za kuomba mafunzo mlizoniachia kabla hazijapelekwa kwa wafadhili. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili, na nimefurahi kuona mnavyoipenda kazi hii. Lakini nimeona pia kwamba swali moja limewatesa kuliko mengine yote: eleza tukio lililokufanya uingie katika kazi ya jamii. Wengine mmejaza kurasa na kuongeza karatasi. Wengine mmeacha wazi. Na mmoja wenu alibaki nyuma wenzake walipoondoka, akaniuliza kama mtu ambaye hajapatwa na lolote anafaa kweli kuwa kwenye kikundi. Namjibu mbele yenu nyote, maana najua si yeye pekee mwenye wasiwasi huo.

Anafaa. Na nitawaeleza kwa nini nasema hivyo, nikianzia hapa hapa kwetu.

Owino Uhuru mnaijua, mtaa wa hapa hapa Mombasa, si mbali. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Wakati huo alikuwa akinyonyesha. Mtoto akaanza kuugua, homa haishuki, dawa moja baada ya nyingine haimsaidii, hadi alipopimwa damu ikaonekana ana sumu ya risasi. Ilikuwa imempata kupitia maziwa ya mama yake.

Wengi wakisimulia habari hii husema hapo ndipo maisha ya Omido yalipogeuka. Mimi naona yaligeuka baadaye kidogo. Mama yeyote angeacha kazi, angemchukua mwanawe ampeleke mbali na moshi ule, na hakuna ambaye angemlaumu. Omido aliiacha kazi, lakini pia alitaka watoto wengine wa mtaa ule wapimwe. Wakapimwa watatu, na wote wakakutwa na risasi kupita kiasi. Tangu majibu hayo yalipotoka, ugonjwa wa mwanawe haukuwa tena msiba wa nyumba moja. Likawa jambo la wakazi wapatao 3,000, na walikuwa na haki ya kudai maelezo pamoja.

Basi nataka mlishike lile swali la Omido: ni mtoto wangu tu, au na wa jirani? Mwenye uchungu anaweza kuliuliza, na asiye na uchungu anaweza kuliuliza vilevile. Rebeca Gyumi wa Tanzania aliwaona wasichana aliosoma nao Dodoma wakiacha shule kwa sababu ya mimba. Yeye hakuacha. Angeweza kushukuru Mungu akaendelea na maisha yake, lakini akaenda kuisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali umri uliowekwa kwa mvulana ulikuwa 18. Akafungua kesi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 ikashindwa. Msije mkamwambia mtu kama huyo kwamba hana kisa.

Na wako walioingia kwa kuitwa tu. Mwaka 1955 mgeni mmoja kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alifika Dar es Salaam akawauliza viongozi wa TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru wa Tanganyika: wanawake wenu wako wapi? Swali likawaumbua. Wakatafuta, wakampata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji aliyejulikana mjini katika vikundi vya ngoma vya akina mama. Akapewa kadi ya uanachama namba 16. Kisha akawaendea wenzake wa ngoma, wanawake waliokwisha kuzoea kukutana, kuchangishana na kuzikana, na kwa njia hiyo chama kikapata mtandao ambao wanaume wenye elimu zao hawakuwa nao. Hilo nalipenda sana. Nani kati yenu hana kwaya, chama cha akiba, timu ya mpira au darasa la madrasa? Mnatafuta siku kubwa, na watu wenu mnao tayari.

Profesa Wangari Maathai naye mnamtaja sana kwenye fomu, na mnamtaja kwa tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Mrudisheni nyuma kidogo. Alikuwa mwanasayansi wa mifugo. Akiwa mashambani kutafiti kupe wanaoua ng'ombe, aliona mito imejaa tope na mifugo imekonda. Katika Baraza la Taifa la Wanawake akasikia akina mama wa vijijini wakieleza kwamba kuni zimekwisha, maji safi hayapo, chakula cha kuwashibisha watoto ni shida. Hakuna radi iliyompiga. Alisikiliza watu wakisema mambo ambayo macho yake yalikuwa yameanza kuyaona, akaunganisha. Tarehe 5 Juni 1977 ikapandwa miti saba pale Kamukunji, Nairobi. Kati ya ile saba, mingi ilikufa. Wakaendelea, wakajifunza kwamba mti unamhitaji mtu wa kuumwagilia anayeishi karibu nao, na ndipo kazi ikawa ya akina mama wenyewe na vitalu vyao, wakilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika.

Sasa niwageukie mliojaza kurasa nyingi. Mliyoyaandika mengine yamenikalia moyoni, na nawaheshimu kwa ujasiri wenu. Lakini nawaomba kama bibi yenu: msiuze kidonda. Mfadhili akiuliza, mpe anachohitaji kujua ili aielewe kazi, basi. Kisa kinachomhusu mama yako, muulize yeye kwanza. Cha mdogo wako asiyeweza bado kukubali wala kukataa, kiache. Nimeona vijana wakisimulia tukio moja kila warsha, kila mara wakiliongeza makali kwa kuwa safari iliyopita watu walilia, hadi wakawa hawawezi kukaa nalo wenyewe nyumbani. Ikiwa bado linakuamsha usiku, zungumza na mtu unayemwamini kabla ya kulipeleka jukwaani. Ukikosa nafasi ya mafunzo kwa sababu hiyo, njoo kwangu, tutaitafuta nyingine.

Na jueni kwamba uchungu wa siku ya kwanza hautoshi kuwabeba. Omido alikamatwa mwaka 2012 katika maandamano ya amani. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni kutoka 2009. Mtoto aliyekuwa ananyonya amekuwa kijana. Kilichosimama mahakamani miaka yote hiyo ni majibu ya vipimo, barua zilizohifadhiwa, na wakazi waliokubali kusema kwa majina yao. Kwa hiyo anayejua kuandika kumbukumbu za mkutano vizuri, na kuweka karatasi mahali zinapopatikana, huyo kwangu ni nguzo ya kikundi hata kama fomu yake ina pengo.

Fomu zenu nimezitia kwenye bahasha na nimeandika kwa penseli pale ninapoona mpunguze. Walioacha swali lile wazi, andikeni ukweli: mmeona nini mtaani, nani amewaambia nini, mnataka kujua nini zaidi. Mistari mitano inatosha. Jumamosi saa kumi tukutane kwangu. Mje na daftari, na kila mmoja awe amezungumza na nyumba tatu za jirani zake kuhusu ule mtaro unaopita nyuma ya shule: tangu lini unanuka hivyo, nani ameugua, nani alishawahi kupeleka malalamiko na alijibiwa nini. Tutaanza na hayo.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Changamwe