Mnunuzi wa pamba hafiki ndani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu pamba ya Uzbekistan nimeisoma mara mbili. Nilikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Magu tangu 1987, na habari ya pamba hainipiti.

Mwandishi anaisifu nchi ile, iliyopata uhuru 1991 Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, kwa kuwa mwaka 2020 serikali iliacha kumpangia mkulima kiasi cha pamba cha kuiuzia. Ni jambo jema. Kwa miaka mingi walimu, wauguzi na wanafunzi walitolewa kazini na madarasani kwenda kuchuma. Lakini mwandishi ameishia Tashkent, mji mkuu. Hakugusa ramani. Uzbekistan haina bahari, na majirani zake wote hawana. Robota la pamba linavuka nchi mbili kabla halijaona meli. Hata ile Bahari ya Aral, ambayo ni ziwa, imekauka sehemu kubwa kwa sababu mito yake ilielekezwa kwenye mashamba, hasa ya pamba. Serikali ilipojiondoa, makampuni yaligawiwa maeneo, na wakulima wengi wakajikuta na kampuni moja tu ya kuuzia. Mkulima wa namna hiyo anauza kwa nani mwingine?

Sisi Watanzania bahari tunayo, na reli ilifika Mwanza tangu 1928. Umbali unaotuumiza ni ule wa kutoka shambani hadi barabara ya lami.

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, msimu wa 1994, wanunuzi walijazana kando ya barabara ya Musoma. Kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kwa mkokoteni wa ng'ombe, alikuja mmoja, akiwa na mizani ya rula. Mama mmoja alikuwa amepima kwangu asubuhi, kilo 47, chama hakina fedha ya kumlipa. Kwa yule bwana zikasoma 41. Niliona kidole chake kikiwa juu ya rula. Nikamwambia, "Mama, usiuze." Akanitazama, akasema, "Mwanangu, nirudi nayo nikaipike?" Akauza. Siku zile zile, Magu mjini, wanunuzi watatu walikuwa wanagombea gunia moja.

Baada ya hapo watu wakaanza kumwagia pamba maji na kutia mchanga. Siwatetei, nimeukung'uta mchanga huo kwa mikono yangu. Ila pamba safi na fifi, yaani ile chafu, ziliingia gunia moja kwa sababu hapakuwa na aliyelipia tofauti, na aliyeibiwa kilo sita alizitafuta kwa njia yake.

Leo tunauza kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, na mimi naunga mkono kabisa. Hata hivyo kwenye AMCOS yetu mnunuzi anayefika bado ni mmoja, na anafika akijua yuko peke yake.

Ndiyo maana naomba gazeti lako, msimu ukifunguliwa, lisichapishe bei elekezi peke yake. Kila wiki andikeni kijiji gani kimepata wanunuzi wangapi na kila mmoja amelipa shilingi ngapi kwa kilo. Anzeni na vijiji vya ndani, ambako mwandishi wenu itabidi ashuke kwenye basi apande bodaboda.

Karani wa mizani mstaafu,
Kisesa, Mwanza