Mdogo wangu, kabla hujajaza ile fomu ya ujasiriamali

Mdogo wangu,

Nasikia unasitasita. Wakubwa wanakuambia programu hiyo ya kujifunza biashara kwa kuifanya itakula muda wa masomo. Rafiki zako wanakuambia ukitoka huko utakuwa bosi. Wote wanakosea, ila hao wa pili wanakosea zaidi. Mimi niliingia, nikamaliza, na leo sina kampuni yoyote. Hata hivyo ilinifaa kuliko masomo kadhaa niliyopata alama nzuri.

Jambo lenyewe si geni. Junior Achievement, shirika linalofundisha vijana biashara, ilianza Marekani mwaka 1919, na mpango wake wa kampuni za wanafunzi umeigwa kila mahali: vijana wanaunda kampuni ndogo, wanachagua viongozi, wanauza hisa ili wapate mtaji, wanatengeneza kitu na kukiuza, halafu wanafunga hesabu. NFTE, shirika jingine la kufundisha vijana ujasiriamali, nayo ilianzishwa New York mwaka 1987 na Steve Mariotti, mwalimu wa sekondari aliyeona wanafunzi waliochoka darasani wakichangamka mara somo linapogusa biashara.

Namwelewa. Hesabu utakayoipata huko utaifanya ukiwa macho. Tuseme vifaa na meza ya kuuzia vimewagharimu 600, na hizo mmeshazitoa, muuze msiuze. Kila bidhaa inawala 7 kuitengeneza, nanyi mnaiuza 10. Wengi hudhani kila mteja amewaletea 10. Amewaletea 3. Kwa hiyo mnahitaji wateja 200 kabla hamjaona hata senti ya faida. Sasa mwenzenu mmoja, mwenye moyo mzuri, anasema tushushe bei kidogo tu, iwe 9. Mnabaki na 2, na wateja mnaowahitaji wanakuwa 300. Bei imeshuka sehemu moja ya kumi, kazi imeongezeka nusu nzima! Ukishaliona hilo kwenye daftari lako mwenyewe, hutaliangalia tena tangazo la punguzo la bei kwa macho yaleyale.

Utajifunza pia kwamba faida na fedha mkononi ni vitu viwili. Mkiuza kwa mali kauli, yaani mteja achukue sasa alipe baadaye, daftari linaweza kuonyesha faida huku sanduku likiwa tupu na aliyewauzia malighafi yuko mlangoni.

Halafu kuna kuuliza watu. Hapa ndipo wengi huchoka, maana si kazi ya kujionyesha. Ukimuuliza shangazi kama atanunua kitu chako, atasema ndiyo, kwa sababu anakupenda wewe, si kitu chako. Bora umuulize mtu usiyemjua: tatizo hili lilikupata lini mara ya mwisho, ulifanyaje, ulitoa kiasi gani? Akijibu kwamba hakufanya lolote, basi hilo kwake si tatizo, hata kama kwako ni kubwa. Inauma kidogo. Lakini ni afadhali kusikia hivyo kabla hamjanunua vifaa kuliko baadaye.

Kuhusu yale mashindano ya kuwasilisha wazo mbele ya majaji, mimi siyaheshimu sana. Yanakuzoesha kusimama na kusema kwa ufupi, sawa. Ila jaji hanunui. Nimeona makundi yaliyopigiwa makofi mengi na kuuza kidogo, na mengine yenye msemaji mwenye kigugumizi yakimaliza bidhaa zote.

Linalosahaulika kabisa ni mwisho. Muhula ukiisha, kampuni inavunjwa. Bidhaa zilizobaki zinauzwa, wadai wanalipwa kwanza, na kinachosalia ndicho kinachogawiwa wanahisa. Huenda mwenye hisa alitoa 20 na sasa anarudishiwa 16. Mtu huyo ni jirani au mwalimu, unamjua, na lazima umketishe umwonyeshe kila stakabadhi: hii tulinunua, hii iliharibika, hapa tulikadiria vibaya. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mkufunzi alisisitiza fedha za kampuni zisichanganywe na za mfukoni hata kwa siku moja. Na mkipata faida maelezo hayapungui. Mwenye hisa ana haki ya kujua gawio lake limetoka wapi.

Mengine utayaona mwenyewe: nani anachelewa vikaoni, nani anapotea siku ya kazi na kurudi siku ya picha.

Kwa hiyo jaza fomu, lakini siku ya uchaguzi usigombee ukurugenzi mkuu. Cheo hicho kitagombaniwa na wenye sauti, waachie. Omba uweka hazina, ambao kwa kawaida haugombewi. Na mwezi wa kwanza ukiisha, niletee daftari nilikague, pamoja na stakabadhi zake, sio maelezo ya mdomo.

Nduguyo.