Mama Gloire, bapeleke batoto kwa dinosaria

Lubumbashi, Katuba

Mama Gloire wangu,

Jambo sana, na baba ya batoto umusalimie. Nimesikia visa imetoka na mutafika Bruxelles mbele ya ndoa ya shemeji, aksanti Mungu. Sasa uliniuliza fasi gani utapeleka batoto juu basishinde mu nyumba na televizyo tu. Jibu yangu ni moja: mize (makumbusho) ya sayansi ya asili, ile ya rue Vautier karibu na bunge ya Ulaya. Mi nilienda na batoto ya dada, na nakuambia hata ule mukubwa mwenye anajifanyaka hakuna kitu inaweza kumushangaza, alinyamaza kabisa.

Utaona batu bote banakimbilia T. rex, bazazi nabo na telefoni juu. Ile ni kopi, mupite. Weye uanze na ile dinosaria ingine, Iguanodoni, juu ile ni mifupa ya kweli, na tena historia yake ni ya batu ya mungoti kama bazee betu.

Sikia. Mu 1878 kule Bernissart, kijiji moja ya Ubelgiji karibu na mupaka ya Ufaransa, bafanyakazi balikuwa banachimba makala ya mawe (siyo hii yetu ya mbabula), chini kabisa, metre 322. Bakapiga kitu kinafanana shina ya muti na mu ndani inangaa, bakasema ni zahabu! Kumbe ile ya kungaa ni pirite, jiwe inafanana zahabu tu, na shina yenyewe ni mufupa. Unawaza bazee ba mungoti ya Kipushi bangefanya nini, mi najua kipande moja ingetoka mu mufuko siku ile ile. Bakachimba karibu miaka tatu, bakatoa banyama karibu 30, kila bloki banafunika na plasta na kuandika numero juu kule Bruxelles bajue namna ya kuiunganisha. Ile mifupa iko na miaka karibu milioni 125, lakini usibaambie batoto ile hesabu, haibaingie, baambie tu ile ya mungoti.

Na ile pirite njo ilibakia kuwa adui, juu ikikutana na hewa yenye maji inaharibika na mufupa unapasuka, njo maana banaiweka mu kioo ile kubwa.

Pale mu kioo umuonyeshe Gloire kidole gumba. Iko na mwiba mukubwa wa kutisha. Mbele ya pale, kule Uingereza balipata ule mwiba peke yake bakauweka pa pua, sawa kifaru! Mifupa ya Bernissart njo ilionyesha ni ya mukono. Na mukia nayo uangalie, balilazimisha kuikunja juu munyama asimame wima kama kanguru, leo banajua alikuwa anatembea mara mingi na miguu ine, mukia yake imenyooka nyuma, lakini banaiacha vile vile juu kuigusa ni kuivunja. Batoto ya dada balicheka sana kusikia baprofesa nabo banakosea, na mi naona ile njo ilibafundisha kupita maplaketi yote ya pale. Kisha kuko ingine yenye imelala mu udongo, shingo imepinda, vile ilikutwa chini. Pale mukae kidogo, musikimbie.

Siku ya kwanza ya juma (Jumatatu) usiende, banafungaka. Poseti ya kusukumia Plamedi uichukue, kutembea ni mingi na atachoka mbele ya bengine. Njaa ikibashika usilipe kula ya mule ndani, Matonge, kartie ya Bakongomani, iko karibu, munaenda na miguu, na pale kuko matamba na bukari, hata kama bei itakuumiza roho.

Uniandikie mukifika, na uniambie kama shemeji amenenepa kweli vile banasema.

Rafiki yako,
Mama Exaucé