Kabla hujatoa arbuni

Wete, Pemba

Shoga yangu Mama Ilham,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya mwisho nilikuwa nakuna nazi, nikaiacha mbuzi pale pale nikatafuta kalamu. Kwenye simu ungenikata kauli.

Umesema zamu yako ya mchezo ikifika unakwenda Istanbul kutengeneza shepu, uongezwe makalio kwa upasuaji. Sikulaumu. Ukifungua simu ni picha za kabla na baada, na hata kule Bara hospitali ya Mloganzila wameanza kutoa huduma hizo. Tena najua ulikoanzia mwiba huu. Ni ile harusi ya Kikwajuni, wifi yako aliposema mbele ya watu kuwa tangu uzae umekuwa ubao. Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Nilikuona ukivuta mtandio ukajifunika kiunoni, na hukuinuka kucheza tena mpaka shughuli ikaisha. Neno lile linanichoma mpaka leo.

Lakini hilo la makalio nimelisoma na kuliulizia. Wanakunyonya mafuta tumboni na mgongoni kwa mrija, wanayachuja, kisha wanayadunga makalioni. Roho yako yote iko kwenye ncha ya mrija ule. Ikibaki chini ya ngozi, afadhali. Ikizama kwenye mnofu, humo mna mishipa mikubwa ya damu, na mafuta yakiingia humo yanakwenda hadi kwenye moyo na mapafu, mtu anaweza kufa palepale kitandani. Mwaka 2017 madaktari wenyewe wa kazi hiyo walichunguza wakakadiria kuwa huenda katika kila upasuaji 3,000 mmoja unaua. Baadaye vyama vyao vikaonya kwamba mafuta yasidungwe ndani ya mnofu. Sasa huyo utakayemkuta, unamjua analifuata onyo hilo au anakimbilia mgonjwa anayengoja mlangoni?

Na mafuta yenyewe hayabaki yote, mengine mwili huyala. Wiki za mwanzo hutakiwi kuyakalia makalio, na wewe una saa saba na zaidi za ndege kurudi, mshono mbichi, damu inaweza kukugandia miguuni.

Ninalotaka unisikilize khasa ni mkorogo. Unakumbuka tulivyokuwa tukinunua Darajani, kopo moja tunagawana? Mimi nilipopasuliwa kumzaa huyu wa pili, mshono uligoma kufunga. Siku ya tisa naoga nikahisi kitu cha moto kinanitiririka mapajani. Kutazama, jeraha limeachia. Daktari akaifinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ikabaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa. Akaniuliza, "Unajipaka nini?" Nikakana kwa haya. Akanieleza hivyo hivyo, taratibu, kuwa krimu nyingi za kujichubua zina steroidi, na steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ukikatwa huponi upesi. Miezi miwili nilikuwa nabadilishwa bandeji. Wewe nilikwambia nina malaria. Nisamehe, shoga yangu, nilikuficha jambo ambalo ulikuwa na haki ya kulijua.

Nawe bado unapaka. Nimekuona Idi iliyopita, vidole vyeusi na mikono myeupe.

Basi usitoe arbuni kwanza. Alkhamisi napanda boti Mkoani, nitafikia kwa mama. Ijumaa asubuhi twende sote hospitali ya Mnazi Mmoja ukamwone daktari wa upasuaji, umweleze kila ulichojipaka, tangu lini na wapi. Mimi nitaingia nawe au nitakungoja nje, utakavyo. Akisema ngozi yako inahimili na moyo wako bado unataka, watoto nitabaki nao mimi mpaka urudi, wala hutasikia neno kutoka kwangu.

Ilham mbusu mashavu yote mawili. Nakuletea singo la kusugulia ngozi, nimelitwanga mwenyewe. Na lile kopo, nikifika nilikute barazani, si chumbani kwako.

Ni mimi shogayo,
Mama Nassor