Dodoso la wajawazito: tunaanza Jumatatu

Habari za jioni wapendwa. Jumatatu saa 2 asubuhi tukutane kliniki.

Jana kwenye majaribio ya dodoso mama mmoja aliitikia kwa kichwa somo zima la nesi. Nilipomwomba anitajie dalili za hatari za ujauzito, akasema kutokwa damu, basi. Kichwa kuuma sana, kuona ukungu, uso kuvimba, mtoto kupunguza kucheza: kimya. Na bango liko mbele yake!

Kwa hiyo msiulize "umeelewa?", kila mtu atasema ndiyo. Ulizeni: "Ukifika nyumbani utamweleza mumeo au mama yako nini?" Andikeni pia nesi alifundishaje: kwa kundi pale kwenye benchi, kwa picha, au ana kwa ana.

Mahudhurio ya kliniki hesabuni kwenye kadi. WHO (Shirika la Afya Duniani) tangu 2016 inataka angalau 8 kwa kila ujauzito.

Fomu za ridhaa ninazo. Kalamu kila mtu aje na yake, zangu huwa hazirudi.