Wanaokwenda kunywa methadoni wasikamatwe njiani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kamatakamata ya vijana wanaotumia heroini hapa Tanga. Serikali yetu ilianza kutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, Muhimbili mwaka 2011, na huduma hiyo ni bure. Dawa yenyewe kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa kuwa nguvu yake hudumu takriban saa 24 tu. Kijana akiwekwa mahabusu siku mbili, arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, humrudia: mwili humuuma, hutapika, hapati usingizi. Akitoka, hukimbilia kijiweni kutafuta heroini. Mdogo wangu yalimkuta hayo, na miezi minane ya kujitahidi ikapotea.

Hao wanaoitwa mateja, jina ambalo mimi silipendi, ni watoto wetu wa Ngamiani na Makorora. Wakiogopa kukamatwa hujificha na kuchangia sindano, na virusi vya Ukimwi na homa ya ini huwafikia hata wenza wao.

Naomba polisi na wahudumu wa afya wa mkoa wakubaliane: mwenye kadi ya kliniki aachwe afike kwenye dirisha la dawa, na aliye mahabusu apelekewe dozi yake. Misako ielekezwe kwa wauzaji.

Mkazi wa Makorora,
Tanga