Kisangani nayo ina ya kuonwa

Ndugu Mhariri,

Kila mnapoandika utalii wa Kongo mnaishia kwa sokwe wa milimani wa Virunga. Kisangani mnaipita tu, utadhani haina mto.

Pale Wagenia, yanapoishia maporomoko saba ya Boyoma, wavuvi husimika magogo marefu kati ya miamba, huyafunga kwa kamba za porini na kuning'iniza migono mikubwa yenye umbo la pia. Maji yenyewe humsukuma samaki ndani. Kazi ya mvuvi ni kuparamia magogo hayo, mkondo ukinguruma chini yake, akautoe mgono. Mgeni azungumze na wenyeji kwanza, awalipe chao, ndipo apige picha.

Sisi wa Unguja tuna sababu zaidi: Tippu Tip, mzaliwa wa huku, alifanywa gavana wa huko mwaka 1887, na Kiswahili kingali kinasemwa. Biashara yake ya pembe na watumwa isifunikwe, watalii waelezwe yote. Mwenye nafasi ashuke na mto hadi Yangambi, kilomita kama 100, akaone misitu na kituo cha utafiti kilichoachwa na Wabelgiji.

Tafadhali mtumeni mwandishi.

Msomaji,
Unguja